Noti Iliyopigwa Pasi

Jumamosi asubuhi mtu mwenye akili zake haendi duka la kubadilishia fedha, lakini Dobi alikwenda. Foleni ilianzia dirishani, ikazunguka nguzo mbili, ikatokea mlangoni hadi kwenye ngazi, na kila aliyesimama humo aliamini kwamba wa mbele yake anachelewa makusudi. Dobi alikuwa katikati, amevaa gauni la manjano la marinda, kila rinda limenyooka kama limepigiwa rula. Hakuwa mtu wa pesa, lakini kwa alivyovaa watu walimpisha bila kuombwa. Mkononi alikuwa na noti moja ya kigeni aliyoikuta kwenye mfuko wa suruali ya mteja. Mteja mwenyewe alipopigiwa simu alicheka, akamwambia achukue tu, hata hakumbuki aliipata wapi.

Karani wa dirishani aliitazama noti ile kwa jicho moja. Nchi hiyo, alisema, ilishabadilisha pesa zake zamani, na karatasi hii hainunui hata kiberiti. Alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye ngazi, na watu wakacheka. Dobi alihisi masikio yanawaka. Alikuwa mwepesi wa kuona haya tangu utotoni, na watu wa namna hiyo huwa wanajikinga kwa ulimi.

"Basi nirudishie," alimwambia karani. "Nina dirisha lina tundu, nitazibia."

"Usizibie kwanza," sauti ya mwanamume ilisema nyuma yake. "Nipe niiangalie."

Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake lilikosa kifungo cha pili. Hicho ndicho Dobi alichokiona kabla ya uso. Mwanamume aliichukua noti kwa ncha za vidole, akaiinua kuelekea mwanga wa mlangoni, akamwambia asogee atazame. Ndani ya karatasi, mahali palipoonekana patupu, palitokea uso wa mzee mwenye ndevu.

"Alikuwa amejificha humo siku zote," mwanamume alisema. "Anangoja mtu wa kumwinua tu."

Dobi alimuuliza kama anafanya kazi benki. Alijibu kwamba anatengeneza miwani, duka la tatu kutoka pale, na kwamba noti za kigeni anazikusanya kwa kupenda tu.

"Unakusanya pesa zisizonunua kitu?"

"Zinazonunua kitu hazikubali kukaa kwangu."

Dobi alicheka, hasira zikaisha. Akampa noti ile bure, na kwa kuwa kazi haimwishi mtu hata akiwa foleni, akamwambia alete na shati lake apachikiwe kifungo. Jumatatu shati lilikuja. Jumanne likaja jingine, na Jumatano jingine tena, shati moja moja, na wasichana wawili waliofanya kazi na Dobi wakaanza kukonyezana kila kengele ya mlango ilipolia. Hakuna mwanamume anayefua shati moja kwa siku kama hana lake jambo.

Simu zikafuata. Alikuwa akipiga saa sita mchana, wakati wa kupumzika.

"Dobi wangu, upo?"

"Nipo. Pasi inawaka."

"Na mimi je?"

"Wewe umekunjamana, Fundi. Subiri zamu yako."

Jumapili moja walikwenda kwenye mkahawa wenye viti vya plastiki vya rangi ya chungwa, na hapo Dobi akajisahau. Kabla ya kufungua duka lake alikuwa amefua miaka sita kwenye chumba cha chini cha hoteli kubwa, na hadithi za hoteli alikuwa nazo nyingi. Akasimama kando ya meza kumwigiza mbeba mizigo akipokea mgeni. Aliinama mpaka kofia isiyokuwepo ikamdondoka, mkono mmoja kwenye sanduku, mwingine nyuma ya mgongo umeshafunguka unasubiri bakshishi. Watu wa meza ya jirani waliangua kicheko. Fundi naye alicheka, ingawa alichelewa kidogo. Dobi alipokaa akamuuliza noti zake alizipata wapi zote hizo.

"Zilikuwa za mzee wangu, marehemu," alisema, huku akipangusa meza iliyokuwa safi. "Alikuwa mfanyabiashara. Alisafiri sana."

Albamu yenyewe alionyeshwa wiki iliyofuata, chumbani kwa Fundi, mchana, mlango ukiwa wazi kwa heshima ya majirani. Dobi alikalia kiti pekee kilichokuwepo. Noti zilikuwa themanini na kitu, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki, nyuma yake pamewekwa karatasi nyeusi. Zilikuwa noti ndogondogo, za thamani ya chini, lakini zilikuwa na wanyama, wafalme, madaraja, wanawake wamebeba mavuno. Fundi alizifahamu moja moja, na alipozieleza uso wake ulikuwa wa mtoto. Dobi alimpenda hapo. Alijua kabisa ni hapo, kwenye ukurasa wa noti za bluu.

Iliyokuwa ya kwanza ndiyo iliyokuwa chafu kuliko zote. Ilikuwa na ndege wa shingo ndefu, na ndege mwenyewe alikuwa ameingia weusi wa vidole kiasi kwamba hujui anatazama wapi. Dobi alimuuliza kwa nini mchafu ndiye kapewa kiti cha mbele.

"Hiyo naipenda kuliko zote," Fundi alisema.

"Na nyuma yake kuna nini?"

"Nyuma hakuna cha maana."

Mungu amsamehe, alisema hivyo hivyo: nyuma hakuna cha maana.

Mwezi uliofuata mwenye nyumba akaamua kubadilisha bati za paa, na Fundi akaihamishia albamu kwa dada yake ili isipate vumbi wala mvua. Dada huyo alikuwa mshonaji wa mapazia, mkubwa kwake kwa miaka kumi na miwili, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Mtaani walimwita Mama Mapazia. Nyumba yake ilijaa vitambaa mpaka wageni walikaa juu ya marobota, na cherehani haikunyamaza ila kwa salamu. Alimpenda Dobi tangu siku ya kwanza. Hakungoja kutambulishwa, alimtazama gauni, akapapasa upindo wake, akasema, "Wifi, huu mshono wa mashine au wa mkono?" Tangu siku hiyo ikawa wifi njoo, wifi kaa, wifi onja. Dobi hakuwa na dada, na neno hilo lilimwingia moyoni kuliko alivyoonyesha.

Basi ikawa Fundi na wenzake wa noti wana kikao. Walikutana mara moja kwa mwezi, yeye na watu saba, kwenye chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya ofisi, na safari hii waliagizana kila mmoja alete noti moja tu, ile aipendayo kuliko zote. Fundi akamwambia Dobi waende pamoja. Alitaka wamwone, alisema, na alitaka wamwone na yule ndege.

Dobi akafikiri juu ya ndege yule mchafu mbele ya watu saba. Akafikiri na jinsi yeye mwenyewe alivyochekwa dirishani kwa karani. Hakutaka Fundi achekwe.

Kila fani ina jambo ambalo wenyewe wanalijua mno mpaka wanasahau kulisema. Dobi hakwambii usiloweke nyekundu na nyeupe pamoja. Anadhani ulizaliwa ukijua. Na mkusanyaji wa noti hakwambii kwamba noti haifuliwi.

Alhamisi alipita kwa wifi yake. Mama Mapazia alipoingia jikoni kuchemsha chai, Dobi alifungua albamu iliyokuwa juu ya kabati, akamtoa ndege kwenye mfuko wake, akamtia kwenye bahasha, bahasha akaitia kwenye mkoba. Akarudi kukaa. Chai ikaja, wakanywa, wakazungumza habari za bei ya uzi.

Dukani alifunga mlango, akaandaa vitu vyake kama anayemhudumia bibi harusi. Maji ya vuguvugu, sabuni ile laini ya hariri, brashi ya nywele za farasi. Uchafu ulitoka taratibu, maji yakawa rangi ya chai. Nyuma ya noti aliona michirizi ya kijivu, imefifia, imesuguliwa na miaka, kama mtu alishika penseli kisha akaishika noti. Sabuni haikuitoa. Dobi hakuwahi kushindwa na doa, na hakutaka kuanza siku hiyo. Akachukua kifutio kwenye droo ya risiti, akaifuta polepole mpaka karatasi ikawa nyeupe. Kisha akaikausha kati ya taulo mbili, akaipuliza wanga kidogo, akaitandikia kitambaa cheupe, akaipiga pasi. Ndege alitoka anang'aa, anatazama kushoto. Dobi alimwangalia akatabasamu peke yake. Kesho yake akairudisha mahali pake, wifi yake akiwa tena jikoni.

Jumapili alivaa gauni la bluu la mabega wazi na viatu vinavyobana. Chumba kile cha nyuma kilinuka wino na katoni. Walimpokea vizuri, wakampa kiti, na mkubwa wao, mwalimu mstaafu mwenye miwani mbili, moja puani na moja kipajini, alimtania kwamba mwanamke aliyekubali kufuatana na mtu wa karatasi ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Zamu ya Fundi ilipofika alifungua albamu bila kuitazama, kwa kuwa alikuwa akimtazama Dobi, akaitoa noti ya ndege, akampa mwalimu.

Mwalimu hakuiangalia. Aliipapasa kwa kidole gumba, akaipapasa tena. Kisha akainusa.

"Kijana wangu," alisema kwa upole, "hii imefuliwa. Tena imepigwa pasi. Wino ulioinuka wote umelala." Akaiweka mezani kama mtu anayeweka kitu kilichokufa. "Nani kakufanyia hivi?"

Wengine walisogeza viti. Mmoja alicheka kidogo, akajirudi. Fundi aliigeuza noti upande wa nyuma, na alipoona ule weupe, uso wake ulibadilika mpaka Dobi akaogopa.

"Imefutika," alisema. Hakusema kingine.

Nje, kwenye kibaraza cha duka, watu wakipita na mizigo yao ya Jumapili, alimpigia dada yake simu. Sauti ya simu ilikuwa kubwa na Dobi alisikia kila neno. Fundi hakumsalimu hata. Alimwambia kwamba albamu ilikuwa kwake, pasi iko kwake, na mkono wake hauwezi kuona mkunjo ukatulia. Sasa ameua kitu cha baba kwa ujinga wa usafi. Hivyo ndivyo alivyosema, kwa mwanamke aliyembeba mgongoni.

Upande wa pili cherehani ilinyamaza.

"Uko na nani hapo?" Mama Mapazia aliuliza.

"Niko na mwenzangu. Kwa nini?"

Dobi alifungua mdomo. Alikuwa na maneno yote tayari, mawili tu: ni mimi. Lakini alikuwa amevaa gauni la bluu, watu saba walikuwa mlangoni wanachungulia, na yeye ndiye dobi ambaye doa halijawahi kumshinda. Mdomo ukafumba wenyewe.

"Basi nisamehe, mdogo wangu," Mama Mapazia alisema. Simu ikakatika.

Dobi alirudi nyumbani kwa miguu huku viatu vikimla visigino, akaona anastahili.

Aibu ya kuchekwa na watu huisha watu wakienda zao. Hii ya kwake ilikuwa ya namna nyingine, ilikula naye na kulala naye. Alipiga pasi mashati ya wateja na kila shati lilimuuliza. Fundi alipiga simu saa sita mchana, hakupokea. Alipiga tena kesho yake, na keshokutwa. Dobi aliitazama simu ikitetemeka juu ya kaunta mpaka ikachoka. Angepokea angesema nini? Kumwita mpenzi, huku dada yake amebeba mzigo wake? Wasichana wake wawili walidhani amepata bwana mwingine, wakamnunia kwa niaba ya Fundi.

Wiki ya tatu Fundi alikuja mwenyewe. Duka lilikuwa na wateja wanne. Alikuwa amekonda, na kifungo cha pili kilikuwa kimetoka tena. Aliinama juu ya kaunta, akasema kwa sauti ya chini kwamba anajua kwa nini hapokelewi simu. Bila shaka dada yake amemweleza ukweli, na ana haki ya kukasirika.

"Ukweli gani?" Dobi aliuliza.

"Wa mzee. Hakuwa mfanyabiashara. Hajawahi kusafiri popote. Alibeba mizigo hotelini miaka ishirini na sita. Zile noti zote ni bakshishi, Dobi. Ndogondogo, ambazo hakuna aliyekubali kumbadilishia. Siku ile ulipoigiza, watu wakacheka, nikaona haya kusema kwamba huyo anayechekwa ni baba yangu. Nikaona haya ya baba yangu mwenyewe. Unaelewa?"

Mteja mmoja aliita kwamba suti yake anaitaka leo.

"Nyuma ya kila noti aliandika kwa penseli," Fundi aliendelea. "Siku, na nani kampa. Mwenye masanduku matano. Bibi aliyelia kwenye lifti. Ndiyo maana naweka karatasi nyeusi, watu wasione. Ile ya ndege ilikuwa yangu. Aliandika: leo nimepata mtoto wa kiume, nikamwambia mgeni wa chumba cha kumi na nne, akanipa hii. Basi. Hakuna mahali pengine mzee aliponiandika."

Kile kifutio kilikuwa bado kwenye droo ya risiti, chini ya mkono wake. Dobi aliweza kuhisi droo kupitia mbao. Kila kitu ndani yake kilimwambia sasa, sema sasa.

"Pole," alisema.

Fundi alingoja. "Ni hilo tu?"

"Pole sana, Fundi."

Fundi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesomewa majibu ya hospitali. Akashukuru kwa wakati wake, neno ambalo hata mteja humwambia dobi mara chache, akatoka. Dobi alimkabidhi mwenye suti suti ya mtu mwingine.

Wahenga walisema mwosha huoshwa, na siku hiyo ilikuwa zamu ya Dobi. Alikwenda kwa Mama Mapazia hata kabla ya kufunga hesabu za jioni, akiwa na aproni yake ya kazini. Cherehani ilikuwa inalia. Haikunyamaza alipoingia.

"Karibu, bibie," Mama Mapazia alisema.

Bibie. Dobi alikaa juu ya robota, akajikuta hawezi kuinua macho kutoka kwenye vipande vya uzi sakafuni. Akasema alichokuja kusema, kwamba ile noti alii...

"Nilikuona," Mama Mapazia alisema.

Cherehani ikasimama.

"Jikoni kwangu kuna kioo, bibie, juu ya ndoo ya maji. Nilikuona ukiitoa na nilikuona ukiirudisha. Nikajua ni mambo ya wapenzi, nikasema nisiingilie."

"Sasa kwa nini ulisema nisamehe? Kwenye simu?"

Mama Mapazia alikunja kipande cha pazia mara mbili, akakikunjua. Alisema kwamba mdogo wake tangu baba yao afariki alikuwa hacheki, miaka minne, mpaka alipokuja msichana wa gauni la manjano. Aliposikia kwamba msichana huyo yupo pale pale kibarazani, akaona kama atasema jina lake, kicheko kile kitakwisha. Yeye ni dada, dada hafukuzwi. Mke mtarajiwa hufukuzwa.

"Nilingoja useme wewe," alisema. "Nilikuwa na simu sikioni, nikangoja. Nikasikia pumzi yako."

Dobi alilia hapo, wala si kilio cha kupendeza. Mama Mapazia hakumbembeleza. Alimpa kipande cha kitambaa cha pazia apangusie uso, na akamwambia kwamba kwake ameshamaliza, machozi yaliyobaki ayapeleke kwa mwenye noti. Tena mchana, mbele ya watu, kwa sababu na yeye alitukanwa mchana, mbele ya watu.

Kesho yake saa sita Dobi aliingia duka la miwani. Fundi alikuwa akimpima bibi mmoja mnene fremu, lenzi zikiwa bado hazijawekwa, na watu watatu walisubiri kwenye benchi. Dobi alisimama katikati ya duka.

"Noti ya mzee niliifua mimi," alisema. "Niliichukua kwa dada yako bila kumwambia. Maandishi niliyafuta mimi, kwa kifutio, nilidhani ni uchafu. Dada yako hakugusa kitu. Ulipomtukana nilikuwa nimesimama karibu nawe nikanyamaza. Na jana ulipokuja nikanyamaza tena. Na wale wabeba mizigo niliwacheka ili nionekane mjanja. Mimi mwenyewe nilikuwa nafua soksi za wageni chini ya ardhi."

Mtu mmoja kwenye benchi alijifanya anasoma bango la kupima macho, mstari wa mwisho kabisa.

"Endeleeni tu, wanangu," bibi wa fremu alisema. "Mimi siwaoni."

Fundi aliishika fremu kwa mikono miwili. Kilichomwumiza kwanza, na Dobi alikiona kikipita usoni mwake, hakikuwa noti. Alikuwa amemkumbuka dada yake.

"Aliniomba msamaha," alisema polepole. "Dada aliniomba mimi msamaha."

Kisha akamwambia Dobi aende. Hakupaza sauti. Dobi akaenda.

Siku nne simu haikulia saa sita. Dobi hakulalamika kwa mtu. Alifua, alikausha, alinyoosha, na jambo moja tu lilikuwa jepesi, kwamba mashati yaliacha kumuuliza. Lakini alimkosa. Alimkosa mpaka akawa anaangalia vifungo vya pili vya mashati ya wanaume wote waliopita mlangoni.

Siku ya tano simu ilitetemeka, na ilikuwa namba ya Mama Mapazia.

"Kuna mtu amekaa juu ya marobota yangu tangu asubuhi," alisema. "Ameshaniomba radhi mpaka nimechoka kumsamehe, na mapazia ya watu yanachelewa. Njoo umwondoe. Pitia dukani uniletee na penseli, za kwangu chaki tupu."

Fundi alikuwa amekaa pale pale Dobi alipolilia. Noti ya ndege ilikuwa mezani, safi, imenyooka, ya aibu. Alimsalimu Dobi bila kutabasamu, akamwambia akae.

"Hasira zangu hazijaisha," alisema.

"Najua."

"Na wewe nilikudanganya. Ningekuambia nyuma kuna nini usingefuta. Nimejaribu kukukasirikia peke yako, imenishinda." Akaisukuma noti kwake, upande mweupe juu. "Andika."

"Niandike nini? Yale ya mzee?"

"Yale yamekwenda na maji. Mzee alikuwa anaandika yaliyotokea. Na wewe andika yaliyotokea."

Dobi alichonga penseli kwa kisu cha Mama Mapazia. Wanga aliouweka mwenyewe ulifanya penseli iteleze, ikabidi kila herufi aikandamize mara mbili. Aliandika kwamba noti hii ameifua dobi, akaacha dada wa watu alaumiwe, naye anaona haya mpaka leo. Akaweka tarehe. Alipomaliza hakuisoma tena, alimrudishia tu.

Fundi aliisoma mara moja, akachukua penseli, akaandika chini yake mstari mmoja mfupi, akaigeuza noti ili Dobi aone. *Leo nimeomba mke. Sijajibiwa.*

Dobi aliusoma mstari huo. Angependa kusema kwamba haya zilimtoka, lakini hazikumtoka, zilibaki palepale, naye akajikuta analia huku anacheka. Akanyoosha mkono kuchukua penseli. Akafuta kwa kidole chake, taratibu, neno la mwisho, na kiambishi cha kukana kikaenda nalo. Kisha akaandika upya: *Nimejibiwa.*

Mama Mapazia aliinuka kwenye cherehani, akamwomba mdogo wake miwani yake aliyomtengenezea, akaivaa. Aliisoma noti yote kuanzia juu, midomo ikimcheza. Kwenye mstari wa dada wa watu alikaa sana. Kisha akaitia mwenyewe kwenye mfuko wake wa plastiki, upande wa maandishi nje, na ile karatasi nyeusi akaikunja akaitupa kwenye vipande vya vitambaa.

"Wifi," alisema, "mwandiko wako mbaya kama wa marehemu baba."

Dobi hakuweza kuinua macho. Alisogea tu kwenye robota, akampisha wifi yake akae.